Namna ya Kumshuku Mlinzi wa Mfalme Ukiwa Bahi

Mpunga ukishavunwa, Bahi hupata nafasi ya kubishana. Umeme ukikatika katikati ya tamthilia ya wafalme na majoka, banda la video hugeuka baraza: mlinzi yule ana siri, kijana yule wa shambani ndiye mrithi. Mabishano haya nayapenda mno, ndiyo maana nataka yaendeshwe vizuri.

Kwanza, achana na upanga, angalia sahani. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili, alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakula kizuri, wanamwachia kibaya. Basi ukaokwa mkate wa wishwa, tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau, ukamfikia mwenyewe, naye akakata minyororo. Mlinzi anayekula chakula cha mfungwa mwandike kwenye orodha yako mapema.

Pili, uliza amesimama wapi. Baada ya kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 1996, wasomaji walijiuliza: mfalme ameshakufa, walinzi wake bora watatu wanalinda nini kwenye mnara wa mbali? Wakajibu kwamba ndani yumo mtoto. Tamthilia iliyotokana na kitabu hicho ilikuja kukubaliana nao mwaka 2016. Hiyo ndiyo nadharia iliyotoka jasho.

Tatu, na hapa tulia: tafuta jambo ambalo mlinzi anaona haya kulitenda. Unguja, mwaka 1859, Sultani Sayyid Majid aliizingira nyumba ya ndugu yake Barghash kwa askari wa Kibulushi, kwa kuwa Barghash alikitaka kiti. Askari hawakuhongwa wala hawakuasi. Usiku walifika dada zao, Bi Khole na Salme, pamoja na wanawake wao, wakataka kuingia kumwona. Mkubwa wa askari alipowatambua aliingiwa na haya. Nani angewazuia mabinti wa marehemu Sultani Sayyid Said? Wakaingia. Barghash alikataa kuvaa nguo za kike, akabembelezwa, mwisho akafunikwa yakabaki macho tu, akawekwa kati ya wanawake warefu ili kimo chake kisionekane. Askari wakawapisha kwa adabu. Hao walikuwa waaminifu kabisa, na adabu yao ndiyo iliyomfungulia njia mtu waliyemlinda. Nadharia isiyojua adabu ya mlinzi haijaanza.

Kuhusu mrithi, alama begani haitoshi. Hapa Ugogo swali la wazee lilikuwa mawe ya mvua yako mikononi mwa nani, maana mtemi asiyeleta mvua ni mtemi gani? Muulize babu yako kabla hajachoka kusimulia, uandike jina la ukoo na mahali. Naye Barghash hakuwa mrithi wa siri. Mji mzima ulimjua, ndiyo maana alizingirwa.

Mwisho, usikisie kwamba anayemwokoa mrithi atatunzwa. Mwaka ule Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay, kisha akawa Sultani mwaka 1870. Salme, aliyekuwa mwandishi wa barua za njama ile akiwa msichana mdogo, alikwenda kuishi Ujerumani. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli. Barghash alikataa kumpokea.