Fundi Apewe Nishani

Fundi wetu wa hapa Rongo anastahili nishani. Alikuja kusafisha jiko la kuni, akakwangua masizi, akaziba nyufa kwa udongo, akachukua chake akaondoka. Tangu siku hiyo moshi umekataa katakata kutoka nje. Wenye midomo wanasema eti hewa moto hupanda ikivuta moshi, mradi bomba liwe wazi na lipite kilele cha paa. Eti bonge la udongo lililobaki mle ndani litolewe. Wivu tu! Moshi wa kiwanda cha sukari kule Awendo hupanda ukapotea bure; wetu unakaa na familia. Homa Bay watu wanahangaika kubanika samaki, sisi mbuta tunamning'iniza mlangoni pa sebule, anakauka tukitazama taarifa ya habari. Mbu wamehama. Wageni wanalia kabla hawajaambiwa msiba wowote, na hawangoji chakula cha jioni.

Nilipompigia simu, fundi alinieleza kitaalamu: jiko ni zima, upepo wa ziwa ndio mbovu. Basi tunaiomba kaunti iurekebishe upepo huo upesi. Fundi ameshalipwa.