Mbwa Mkali, Kisu Kikali

Neno "kali" kwetu linabebeshwa mizigo kama punda wa Lamu. Jua kali, kisu kikali, pilipili kali, dawa kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, na siku hizi hata wimbo ukiwakolea vijana wanasema ni mkali. Kazi saba, mshahara mmoja, wala halijawahi kugoma. Sasa lipeleke kwa Waingereza uone. Jua linataka "hot", kisu "sharp", dawa "strong", mwalimu "strict", mbwa "fierce". Ole wako uchanganye. Ukiandika getini kwamba mbwa wako ni "sharp", umemsifu akili tu, na mwizi ataingia kuja kumpongeza.

Nasema kwa uchungu kwa sababu hapa mtaani nimeshapakwa sifa ya kujua Kiingereza. Barua za maombi zinaletwa kwangu, tena saa ya taarifa ya habari. Juzi kaja kijana wa jirani, anataka tuandike kwamba anatafuta kazi. Haya, "job" au "work"? "Job" inahesabika, moja, mbili, tatu. "Work" haihesabiki, hata uifanye mpaka mgongo upinde. Kuna "employment", hiyo ina tai. Kuna na "position", hiyo ina gari la ofisi na dereva. Kijana akanisikiliza kwa makini, akachagua "position". Nafasi yenyewe ni ya kulinda geti.

Usiniambie nifungue kamusi. Tafuta "embamba" humo, utapewa "thin", "slim" na "skinny" kwenye mstari mmoja, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Shemeji yangu alichukua la tatu akalibandika chini ya picha ya mchumba wake, kwenye kundi la WhatsApp lenye ukoo mzima wa binti. "Slim" ni sifa. "Skinny" ni kumwambia mama mkwe kwamba mwanawe hakulishwa. Kamusi ikakaa kimya, mahari ikapanda.

Nikamtafuta aliyeleta balaa hili, nikamkuta William wa Normandia. Mwaka 1066 alivuka bahari na jeshi lake, akawashinda Waingereza kule Hastings, akatwaa kiti cha enzi. Tangu hapo mabwana wakawa wanasema Kifaransa, wakulima wakabaki na Kiingereza chao. Aliyechunga akabaki na "cow" na "sheep". Mezani kwa bwana vikapakuliwa "beef" na "mutton". Juu ya hayo kulikuwa na Kilatini cha kanisani na cha wasomi, nacho kikataka chake. Ndiyo maana leo wana "ask" ya nyumbani, "question" ya Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini. Mkeo akiku-ask ulikuwa wapi jana, jibu utalipata. Akianza ku-interrogate, chukua mto, ukalale sebuleni. Na mimi, mtu wa Temeke, ambaye babu zangu hawakurusha hata jiwe kule Hastings, ndiye ninayelipa fidia ya vita vile.

Daktari mmoja wa huko, Peter Mark Roget, alijitwisha kazi ya kuyapanga maneno haya kwa maana zake, akatoa kitabu mwaka 1852, umri umeshapita miaka 70. Mzee wa watu alijitahidi. Lakini ukikiomba kitabu chake neno moja kinakumwagia lundo, kisha kinakuacha nalo hapohapo.

Faraja yangu ni kwamba nasi tuna mitego yetu. Kuazima na kukopa, kwa Mwingereza yote ni "borrow". Nyumba ya pili amehamia Mwingereza mwenye bidii kubwa ya Kiswahili, kila neno analiandika kwenye daftari. Jumapili akapiga hodi, kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Naomba kukopa ngazi yako."

Nikaitika marahaba, nikamtajia bei.