Namna ya Kuwa Mjuzi wa Chenin Blanc Bila Kutoka Kitini

Ipo siku utaketishwa meza moja na watu wanaozungusha glasi, wakainusa, kisha wakataja mji wa Ufaransa. Itakuwa harusi ya mtoto wa bosi, au hafla ya ubalozi, au semina iliyofungwa kwa chakula cha jioni. Usinywee, ndugu yangu. Wengi wao wamekariri majina matatu tu, na mimi nakupa ya kutosha kuwapita wote kabla supu haijapoa. Tutashika zabibu moja, Chenin Blanc, ile nyeupe. Anayeijua zabibu moja sawasawa huheshimiwa kuliko anayezijua kumi kijuujuu, na hii inalimwa hadi kwetu Tanzania.

Hatua ya 1: Anzia Loire, ila usihamie huko

Kwao hasa ni bonde la mto Loire, upande wa Anjou na Touraine. Shika vijiji viwili. Vouvray, jirani na mji wa Tours, kimekaa juu ya mwamba wa chokaa laini. Wenyeji wameuchoronga na kuhifadhi mvinyo humo humo ndani ya mlima. Savennières, karibu na Angers, ni ardhi ya mawe meusi ya tabaka, na huko kuna shamba la Coulée de Serrant, hekta 7 hivi, ambalo watawa walilipanda mizabibu karne ya 12. Kikitajwa kijiji hicho, sema polepole: "Watawa walijua kuchagua ardhi." Nyamaza hapo. Wengine watakumalizia, na sifa itabaki kwako.

Hatua ya 2: Beba jibu moja lisilokosea

Ukiulizwa kama Chenin ni tamu au kavu, rudisha swali: "Ya wapi, na ya mwaka gani?" Hapo hujakwepa kitu. Zabibu hii huchipua mapema, huchelewa kuiva, na vichala vya mti mmoja haviivi pamoja. Ugwadu wake hauishi hata ikiiva kupita kiasi. Kwa hiyo mkulima akiivuna mapema anapata mvinyo wa povu, akisubiri anapata mkavu, akisubiri zaidi anapata mtamu. Kando ya mto mdogo wa Layon, ukungu wa asubuhi za vuli huleta kuvu inayonyonya maji ya tunda na kuacha sukari. Wachumaji hupita shamba lile lile mara kadhaa, kila mara wakichuma zilizosinyaa na kuziacha nyingine zisubiri zamu yao. Quarts de Chaume hutoka huko, mvinyo mtamu unaoweza kukaa chupani miongo mingi na bado ukawa hai. Basi meza ikigawanyika, nusu wakisema tamu na nusu wakisema kavu, wote wako sahihi, na wewe uliyeuliza swali ndiye mwenyekiti wa kikao.

Hatua ya 3: Piga turufu ya Afrika Kusini

Mwache mtu aisifu Ufaransa hadi amalize. Kisha mwambie kwa upole kwamba nchi inayolima Chenin nyingi kuliko zote duniani ni Afrika Kusini, na kwamba hakuna zabibu nyingine ya mvinyo iliyochukua eneo kubwa zaidi nchini humo. Wadachi walipanda mizabibu Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1650, na tarehe 2 Februari 1659 kiongozi wao, Jan van Riebeeck, akaandika kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi umekamuliwa. Chenin ililimwa huko vizazi na vizazi kwa jina la Steen, hadi miaka ya 1960 Profesa C. J. Orffer wa Stellenbosch alipolinganisha majani na kuonyesha kwamba ni mzabibu ule ule wa Loire.

Usiifiche historia yake ya unyonge, kwa sababu ndiyo inayonogesha. Kwa muda mrefu Chenin ya huko iliishia kwenye brandi na mvinyo rahisi wa kila siku. Mmoja wa mivinyo hiyo, Lieberstein, uliotoka mwaka 1959, ulikuwa ukiuzwa lita zaidi ya milioni 30 kwa mwaka ilipofika 1964. Leo watu wanaitafuta mizabibu hiyo hiyo iliyodharauliwa, hasa eneo la Swartland: mizee, mifupi, imesimama yenyewe bila waya, haimwagiliwi, inazaa kidogo na kilichomo ni kizito. Njia ya mkato ya dukani: angalia kama chupa ina muhuri wa Old Vine Project. Muhuri huo hutolewa kwa mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi, na umeandikwa mwaka ilipopandwa. Usome mwaka huo kwa sauti mezani. Hakuna atakayekuuliza kingine.

Hatua ya 4: Zunguka dunia kwa pumzi moja

Chenin iko pia kwingine: bonde la kati la California, ambako kwa miaka mingi ilijaza chupa kubwakubwa za bei nafuu, na Clarksburg karibu na Sacramento, inakoheshimiwa. Mendoza, Argentina. Swan Valley, Australia. Nashik, India. Khao Yai, Thailand. Usitaje zote, utaonekana umekariri. Taja Nashik tu. Hakuna aliyejiandaa nayo.

Hatua ya 5: Sasa warudishe Dodoma

Vitabu vinasema mzabibu wa mvinyo unataka kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka ikweta, mahali penye baridi ya kuulaza. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, nchi kavu ya jua kali, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mzabibu wa huko haupati majira ya baridi ya kulala, kwa hiyo kalenda iko mkononi mwa mkulima: akipogoa, mti unaamka. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka na Vouvray mara moja. Kilimo hicho kilianzia kwa wamisionari Wakatoliki kutoka Italia. Zabibu nyekundu inayotamba ni ile yenye jina la Makutupora, na nyeupe ya mvinyo ni Chenin yetu hii hii ya Loire.

Hapa acha kuigiza, maana ukweli wenyewe unatosha. Chukua kichala cha Chenin mkononi: kimebanana, punje zimesukumana hadi kidole hakipiti, na ngozi yake ni nyembamba. Mvua ikikikuta kimeiva, uozo huanzia katikati, jicho lisikofika. Kikishachumwa hakisubiri. Mkulima mdogo asiye na mnunuzi ana siku chache tu: auze kwa bei ya kutupa, au akamue na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye tangi akisubiri kiwanda kije. Basi mtu akikuambia amewahi kufika Savennières, mpongeze, kisha muulize: "Na mchuzi wa Dodoma wa msimu uliopita, ulipata wanunuzi?" Swali hilo huulizwa na watu waliokwisha kuingia shambani. Utakuwa umejiunga nao bila kuchafua viatu.

Hatua ya 6: Ukibanwa

Akitokea mjuzi wa kweli, usishindane naye. Mtajie Vouvray ya 1947, mwaka uliobaki midomoni mwa wapenda mvinyo hadi leo. Ataongea mpaka keki ikatwe, na atakukumbuka kama mtu mwenye maarifa.

Ukitakiwa kueleza ladha, tofaa la kijani, asali na ugwadu vinatosha. Glasi ikiletwa ya vuguvugu, mwambie mhudumu, "Dada, tuwekee kwenye barafu kidogo." Kidogo tu, baridi kali inaua harufu, na harufu ndiyo uliyokuja kuisifia.

Na kama hunywi, kwa dini au kwa hiari yako, mwongozo huu unakufaa kuliko wote. Umri wa mizabibu, mawe ya Loire na misimu miwili ya Dodoma havihitaji glasi, na atakayekosea ladha hatakuwa wewe.

Hatua ya mwisho: Ingia kwenye kamati

Kamati ya harusi ikitafuta mtu wa kununua vinywaji, nyosha mkono. Dukani, geuza chupa usome lebo ya nyuma: zabibu zimetoka wapi? Tanzania inautoza ushuru mdogo mvinyo ambao zabibu za ndani zinazidi asilimia 75, kwa hiyo mfuko wa kamati hautakulaumu. Beba katoni za mweupe wa Dodoma, uziweke meza kuu, na mtu akianza habari za Ufaransa mmiminie huo kwanza. Fanya hivyo kwenye harusi inayokuja, kisha mfundishe na mjumbe mwenzako. Zabibu za Hombolo na Chinangali, huko Dodoma, zinahitaji wanunuzi kabla hazijaoza.