Tengeneza Kitabu Kikuukuu kwa Bei Chee, Usifiwe Ufundi

Sogea, nikuibie siri. Biblia ya babu, ile tafsiri ya Union ya 1952, imeachia mgongo, nawe uko Matai na hata nauli ya Sumbawanga huna. Usihangaike. Vya bei chee vinatosha, mradi gundi inayogusa karatasi iwe ya kutoka kwa maji.

1. Ingia dukani, ipite selotepu. Najua inakuita: dakika moja, kazi imekwisha. Miaka ikipita gundi yake hugeuka njano na kuzama karatasini, plastiki hubanduka, doa hubaki. Wasomi wa Jerusalem waliunga kwa selotepu vipande vya magombo ya Bahari ya Chumvi miaka ya 1950. Tangu 1991 mafundi wamekuwa wakihangaika kuiondoa.

2. Nunua unga wa ngano. Kijiko kimoja, maji vijiko vitano. Koroga ukiwa baridi hadi mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo, mkono usitulie, mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Uache upoe, uchuje kwa kitambaa. Ndiyo gundi ya wajalidi tangu zamani: ukikosea, unailowesha kidogo inaachia. Supaglu haisamehi. Pika kidogo tu, maana huchacha upesi, na mende wanaipenda kuliko wewe unavyokipenda kitabu.

3. Kiraka kiwe karatasi nyeupe, nyembamba. Kichane kwa mkono. Mkasi hukata nyuzi za ukingoni, na ndizo zinazoshika. Gazeti acha, lina asidi. Paka gundi kiasi cha kulowesha tu, weka nailoni juu na chini ya ukurasa, kandamiza kwa tofali hadi kesho. Mvua zikiwa zimeshika Ufipa, ongeza siku.

Kurasa zilizochomoka shona kwa uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Pini za stepla hushika kutu.

4. Kwenye jalada, danganya utakavyo! Boksi la katoni, shati kuukuu la kaki, basi. Wageni watalisifu hilo kwanza, nawe pokea sifa zote. Likichakaa utalivua, uvike jingine.

Ila daftari la ubatizo la misheni, au hati yoyote isiyo na nakala nyingine, usiiguse hata kwa uji wangu. Ifunge kwenye karatasi safi, iweke pakavu, umtafute mtaalamu wa nyaraka.