Milioni Kumi na Ushei

Aibu ya mnunuzi wa nyumba Nairobi huja kwa kuchelewa, akiwa ameshapongezwa. Bei ni shilingi milioni 10, amana ya asilimia 10 ameshalipa, shangazi ameshashukuru Mungu kwenye kundi la WhatsApp na binamu mmoja ameshaulizia chumba cha wageni. Hapo ndipo wakili anapoleta karatasi ya pili, na mstari wake wa kwanza unasoma 400,000. Ni ushuru wa stempu, na stempu yenyewe huenda asiitie machoni maisha yake yote. Mwenye nyumba mtarajiwa anaanza kukopa nauli.

Ushuru huu ni kiumbe wa ajabu na unastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Mali iliyo ndani ya manispaa hutozwa asilimia 4 ya thamani yake, ya mashambani asilimia 2. Msajili hufanya kazi ileile kwa ploti ya milioni 1 na kwa kasri la milioni 100: jina moja linatoka, jingine linaingia. Kwa hiyo haya si malipo ya kazi ya mtu yeyote. Ni kodi ya kuthubutu kununua. Wala haifuati bei mliyoandikiana peke yake. Mthamini wa serikali ana hesabu zake, na zikizidi zenu, zake ndizo zinazotumika. Mtu huyu huitazama nyumba kwa jicho la mahaba. Ufa uliompatia mnunuzi punguzo, yeye hauoni. Anaona barabara mpya, maji ya kisima na jirani mwenye Prado. Na kukaidi hakusaidii, maana hati isiyolipiwa haisajiliwi, na kesi ya madai ikizuka, mahakama haiipokei kuwa ushahidi.

Wajuaji watasema dawa inajulikana: andikeni milioni 7 kwenye mkataba, milioni 3 zipite kwenye bahasha. Tuuweke uhalifu kando kwanza, tupige hesabu tu. Tuseme mthamini amesinzia na hila ikapita. Umeokoa asilimia 4 ya milioni 3, yaani 120,000. Siku utakapoiuza kwa milioni 10 zilezile ulizolipa, karatasi zitasema umefaidi milioni 3, na tangu Januari 2023 kodi ya faida hiyo ni asilimia 15: shilingi 450,000 kwa faida ambayo hukuipata. Ni kweli aliyeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, lakini mwenye nyumba ya kupangisha hana pa kujificha. Tena hatimiliki ikigeuka kuwa bandia, utadai urudishiwe milioni 7, kwani bahasha haina risiti. Wengine watauliza kuhusu msamaha wa mnunuzi wa nyumba ya kwanza. Upo tangu 2018, ila ni kwa nyumba za mpango wa serikali wa makazi ya bei nafuu, si kwa nyumba yoyote uliyoipenda.

Basi punguzo halali liko wapi? Liko kabla ya saini, na kubwa kuliko yote ni bei yenyewe. Ukimshusha muuzaji laki 5 kwa haki, umeokoa laki 5, na mthamini akikubali, umeokoa na ushuru wake wa 20,000. Malimbikizo ya ada za kaunti na kodi ya ardhi ni madeni ya muuzaji. Mkataba uyataje kwa jina. Wakili wako usimsumbue kwa kumbembeleza ashuke chini ya kiwango cha sheria, kwa sababu kushuka huko kwake ni kosa. Shamba linahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Sachi, yaani kuikagua hati kwa msajili, ni rahisi kuliko chakula cha mchana cha dalali, usiiruke.

Benki ndiyo inayoudhi, na hapa mzaha unaniishia. Anayekopa hulipa ada ya kuandaliwa mkopo, humlipa mthamini aliyeteuliwa na benki, hulipa ushuru mwingine wa asilimia 0.1 ya mkopo, kisha humlipa wakili wa benki, ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha benki inaweza kumnyang'anya nyumba hiyo bila usumbufu. Mteja wa wakili huyo ni mmoja, mlipaji ni mwingine, na desturi imelizoea jambo hili hadi hakuna anayeshtuka. Watetezi wake husema benki ndiyo inayobeba hatari. Lakini hatari hiyo tayari ina bei, nayo inaitwa riba, na hulipwa kila mwezi kwa miaka mingi. Ada ya kuandaa mkopo haikuwekwa na sheria. Imewekwa na benki, na benki inaweza kuipunguza. Nenda kwa benki mbili au tatu, omba kila moja ikuandikie gharama zote hadi siku ya funguo, na usilipe amana kabla hujazijumlisha.