Mahakama ya Tarumbeta
Kila mtangazaji wa jazi katika redio ndogo za miji ya Marekani ajua kwamba usiku wa kuuliza nani bingwa wa tarumbeta ni usiku ambao santuri hazitapigwa, kwani wasikilizaji, ambao juma zima hawakuwa na la kunena, hushika simu kwa hamasa ya mawakili. Wa kwanza humtaja Louis Armstrong, akitoa ushahidi wa "West End Blues" ya mwaka 1928. Wa pili, kwa sauti ya chini ya makusudi, humtetea Miles Davis, ambaye fadhila yake kubwa, asema, ni zile noti alizoacha kuzipuliza. Wa tatu humlilia Clifford Brown, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 25, na hapo mtangazaji, kwa adabu, hukohoa. Lakini mwenye hoja isiyojibika ni yule mzee apigaye simu mwisho na kumtaja Buddy Bolden wa New Orleans, ambaye hapana santuri yake hata moja iliyosalia duniani. Naye huapa kwamba hajatokea mpulizaji mfano wake, na wallahi, nani atamkadhibisha? Mtangazaji, asiye na cha kupiga, humpa ushindi, kisha huingiza tangazo la matairi.