Cat 8 ya Nini Sebuleni?

Wauza kebo wa Kariakoo wana ugonjwa mmoja: ukiwatamkia tu kwamba unataka mtandao wa kasi nyumbani, wanaanza kukupandishia namba. Ukiomba Cat 5e wanakuletea Cat 6. Ukikubali Cat 6, wanakuona una dalili za Cat 7. Juzi kijana mmoja alinipima kwa macho kama fundi cherehani, akaridhika, akanitandikia kaunta nzima Cat 8 yenye vichwa vya rangi ya dhahabu. "Mzee wangu, ukifunga hii umemaliza matatizo." Nimemaliza mshahara, labda.

Cat 8 ni ya vyumba vya seva: gigabiti 25 hadi 40 kwa sekunde, umbali usiozidi mita 30. Mimi nina sebule, chumba cha kijana wangu anayehariri video za harusi, na ruta ambayo fundi wa kampuni aliiweka pale palipomfaa yeye. Katikati kuna kuta za matofali ya simenti, Wi-Fi ikifika chumbani iko hoi. Hiyo Cat 5e wanayoidharau inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na tangu 2016 kuna kiwango kinachoipitisha hata gigabiti 2.5. Nyumba yangu, uwanja na banda la kuku juu yake, haifiki mita 100.

"Hiyo ya zamani, mzee." Ya zamani! Kiwango cha gigabiti kwenye nyaya za shaba ni cha mwaka 1999, yeye mwenyewe sidhani kama alikuwa amezaliwa.

Cha kuuliza dukani ni kama shaba ni shaba, ila ukiuliza unaonekana mchokozi. Zipo kebo za alumini iliyovikwa shaba juu, na kwenye boksi herufi CCA zimeandikwa udogo wa chawa, kama zimeandikwa. Nilichomoa uzi mmoja nikaukwangua kwa wembe: ndani mweupe pee. Ukikunjwakunjwa unakatika, na umeme unaupita kwa tabu. Kijana akauangalia wembe wangu kuliko alivyouangalia waya. "Sasa mzee, wewe unanunua au unakagua?"

Swichi nayo. Boksi lina picha ya roketi inayopaa, na ubavuni limeandikwa 10/100, yaani mwisho wake ni megabiti 100. Mafaili ya harusi moja ni gigabaiti 60. Kwa roketi hiyo, kuyahamisha kutoka kompyuta hadi diski ya akiba ni karibu saa moja na nusu. Ile iliyoandikwa 10/100/1000, bei yake imezidi kidogo tu, inamaliza kwa dakika kumi hivi. Haina picha yoyote, ndiyo maana ilikuwa rafu ya chini kabisa na vumbi lake.

Akaja fundi wa kubana vichwa. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne. Akabana ya machungwa na mwenzake, ya kijani na mwenzake, zilizobaki akazikata kwa koleo bila huruma. "Baba Salama, zinazofanya kazi ni hizi nne, nyingine za akiba tu." Kwa megabiti 100 ni kweli. Gigabiti inataka zote nane, na bluu na kahawia zilikuwa sakafuni. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alirudia, lakini hela ya usumbufu aliidai.

Televisheni sikuivutia waya mpya. Tundu lake la mtandao ni la megabiti 100, hata ungeichomeka Cat 8 ya dhahabu tupu. Zipo nyingi za namna hiyo, na bei zao usiulize.

Jioni mafaili yakahama kwa dakika kumi, kijana akashangilia. Mama Salama akatoka jikoni.

"Kwa hiyo sasa tamthilia yangu haitakwama?"

Nikamweleza kwamba hii ni kasi ya ndani ya nyumba, kompyuta kwa kompyuta. Ya nje ni kifurushi, na kifurushi chetu ni megabiti 10.

"Yaani umetoboa ukuta niliopaka rangi Idi iliyopita, na tamthilia bado inakwama?"

Nikaanza kumfafanulia tofauti ya megabiti na megabaiti. Akaniuliza simenti ya kuzibia imebaki wapi.